Utepe wa Gari la Wagonjwa la Kisarambe

Ipo nchi moja ambayo wewe msomaji huijui, na ukihisi unaijua basi kosa ni lako, si langu. Kwa sasa haina jina. Jina lake lilipelekwa kwenye kamati ili liboreshwe, kamati ikasafiri ng'ambo kujifunza jinsi wenzetu wanavyoitwa, na mpaka leo haijarudi. Posho yake tu ndiyo inayotoka kila mwezi kwa wakati.

Mimi nakodisha viti na mahema katika Wilaya ya Kisarambe, iliyo upande wa nchi hiyo ambako lami huishia. Hakuna sherehe ya serikali iliyowahi kufanyika pale bila wakubwa kukalia viti vyangu, kwa hiyo nikisema nimeona, nimeona. Sina chuki na mtu. Naisimulia habari hii kwa moyo mweupe kabisa, na anayeona mate yananiruka ninapoisimulia ajue ni meno tu hayajakaa sawa.

Kisarambe tuna desturi moja tunayoiheshimu kuliko dini zote mbili. Kitu cha umma hakitumiki mpaka kizinduliwe, na hakizinduliwi mpaka aje mgeni rasmi akate utepe. Mtoni tuna daraja zuri la zege lililomalizika zamani, nasi tunavuka mto chini yake, viatu kichwani, maji kiunoni, huku tukilisifu kwa kivuli chake. Bwana mmoja alifukuzwa na fahali akapanda darajani kuokoa roho yake. Alifungwa kwa kosa la kuzindua daraja kwa miguu. Fahali aliachiwa, kwa sababu hakuwa na kitambulisho.

Lakini usidhani kwamba kitu kikishazinduliwa ndiyo tunaneemeka. Kisima cha sokoni kilitoa maji siku ya uzinduzi, kwa kuwa nyuma ya ukuta lilifichwa lori la maji lenye mpira mrefu. Mgeni rasmi alikunywa glasi nzima, akapigwa picha, lori likaondoka, na kisima kikaondoka nalo. Chumba cha upasuaji cha hospitali yetu kilizinduliwa kikiwa na taa, kitanda na mitambo inayometameta, vyote vimeazimwa kutoka Hospitali ya Mkoa ile asubuhi. Wageni walipokuwa wanakula pilau, vifaa vilipakiwa vikarudishwa, pamoja na mgonjwa, maana naye alikuwa wa kuazima. Ukutani pamebaki kibao cha marumaru chenye jina la mgeni.

Kwa hiyo kitu cha umma kwetu kina maisha ya siku moja tu. Kabla ya hapo hakiruhusiwi kufanya kazi, na baada ya hapo hakiwezi.

*

Sasa ilitokea lori la wafanyabiashara likapinduka kwenye mlima unaotutenga na makao makuu ya mkoa. Majeruhi tuliwabeba kwenye milango ya maduka na kwenye meza zangu mbili, ambazo mpaka leo hazijatakata. Huko juu serikalini wakasikitika sana. Ikatoka amri kwamba kila halmashauri itenge fedha za kuandaa hospitali yake na huduma za dharura, na atakayeshindwa atajieleza.

Baraza la madiwani likakutana. Nilikuwepo, kwa kuwa viti vilikuwa vyangu. Mwenyekiti wa Halmashauri, Mheshimiwa Mnyukwa, mtu mwenye kifua kipana na sauti ya kujaza ukumbi, alifungua kikao hivi:

"Waheshimiwa madiwani, utayari ni hali ya kuwa tayari. Huwezi kuwa tayari kama hujawa tayari. Na sisi Kisarambe, nasema bila kumung'unya maneno, tulikuwa tayari hata kabla ya kuambiwa tuwe tayari!"

Walipiga meza mpaka glasi zikaruka.

Akasimama Sista Eufrasia, muuguzi mkuu wa hospitali yetu, mwanamke mwembamba asiyejua kucheka pale wakubwa wanapotaka kuchekewa. Akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, glavu hatuna. Damu ya akiba hatuna. Jenereta haina mafuta, jana tumemzalisha mama kwa tochi ya simu. Naomba hizo fedha zianzie hapo."

Mkurugenzi wa Halmashauri, Bwana Kasonso, alimjibu kwa upole, kama anavyojibiwa mtu ambaye shule imempita pembeni. "Sista, glavu mnazihitaji lini?"

"Kila siku, mkuu."

"Umejijibu mwenyewe. Kitu kinachohitajika kila siku ni cha kawaida. Hizi ni fedha za dharura."

Wakaanza kutafuta maana ya dharura, ili fedha zisije zikatumika ovyo kwa watu walioumia tu. Walijadili mpaka saa ya chakula, wakala, wakajadili tena. Hatimaye lilipita azimio kwamba dharura ni tukio la ghafla ambalo taarifa yake imewasilishwa kwa Mkurugenzi siku saba kabla ya kutokea. Madiwani wakapongezana kwa kushikana mikono.

Fedha nazo zikapata njia zake. Iliundwa Kamati ya Utayari. Kamati ikakaa wiki mbili kwenye hoteli ya ufukweni ikijifunza utulivu. Zilishonwa fulana zilizoandikwa TUKO TAYARI, mbele na nyuma, ili hata ukimpa mwanakamati mgongo wako au yeye akikupa wake, ujumbe ufike. Kwaya ya watumishi ilitungiwa wimbo. Kilichobaki chini ya gunia kikanunua gari la wagonjwa, na nasema kweli, lilikuwa gari zuri.

*

Lilipofika lilijengewa kibanda chenye nguzo nne pale uwanjani, mkabala na hospitali, barabara tu katikati. Utepe ukazungushwa nguzo zote nne. Waziri wa Mambo Yasiyotarajiwa ndiye aliyekuwa aje kulizindua, na tulimtarajia kweli kweli.

Ili utepe usichezewe aliwekwa mgambo, Mzee Chande, mzee wa watu mwenye kofia kubwa kuliko kichwa. Amri aliyopewa ilikuwa na maneno machache: alinde utepe, usikatwe. Aliajiriwa na dereva pia, kijana mmoja mpole anayeitwa Hamduni. Kazi ya Hamduni ilikuwa kuliwasha gari kila asubuhi liungurume, betri isife, kisha kulizima. Kwenye bajeti kulikuwa na fungu la mafuta ya kuunguruma. Mafuta ya kwenda yangenunuliwa baada ya uzinduzi.

Kwa kuwa jua la kwetu halina adabu, utepe ulipauka. Ikatakiwa ushonwe mwingine, na fundi aliyepewa kazi hiyo ni Sikitu, mke wa Hamduni, aliyekuwa na cherehani yake kwenye baraza ya duka la vitambaa. Waziri akaahirisha. Utepe ukapauka. Sikitu akashona mwingine. Waziri akaahirisha tena, safari hii akiwa angani. Ikawa ndiyo maisha yetu. Maharusi walikwenda kupiga picha mbele ya lile gari, na akina mama wenye uchungu walipita mbele yake wamebebwa kwenye mikokoteni kuelekea mlimani, wakiligeuzia shingo.

Katika mwezi wa utepe wa sita hivi, Sikitu alionekana ana mimba. Msomaji, hii haikuwa habari ndogo. Walikuwa wameoana miaka mingi, na majirani walishachoka hata kuwasengenya. Hamduni alikuwa akiliwasha gari asubuhi huku anaimba peke yake. Sikitu akawa anashona nguo za mtoto kati ya kazi na kazi, vijishati visivyozidi kiganja, na alikuwa amenunua vile vifungo vidogo vya chuma vya kubana, vinavyolia ta ukivibonyeza, kwa sababu alisema vifungo vya kupenyeza vinamchelewesha mama na mtoto analia.

Sista Eufrasia alimpima akamwambia wazi, "Mwanangu, nyonga yako ni nyembamba. Wewe usizalie hapa. Wiki ya mwisho nenda mjini mkoani, kaa kwa ndugu, ungojee huko karibu na hospitali yenye upasuaji."

Sikitu akakubali, akafunga na mzigo. Ndipo halmashauri ikapata habari kwamba Waziri sasa anakuja, tena kwa uhakika, na utepe mpya unatakiwa mara moja. Sikitu akasema ataumalizia siku ya uzinduzi asubuhi, kisha aondoke na mzigo wake mchana.

*

Siku hiyo nilipanga viti tangu jogoo la kwanza. Sikitu alikuwa amekaa kwenye kimojawapo, miguu imemvimba, anamalizia pindo la utepe. Mzee Chande akaufunga kwenye nguzo. Sikitu alipoinama kuchukua mkoba wake, maji ya uzazi yakamwagika pale pale kwenye nyasi.

Tulimvusha barabara mpaka hospitali. Sista alimpima, akatoka uso umembadilika. Mtoto alikuwa amelala kwa ubavu na mapigo yake yanashuka. Ilihitajika operesheni, haraka, na operesheni ilikuwa ng'ambo ya mlima.

Nina kigari cha kubebea viti. Nikakiwasha, nikakipeleka mlangoni pa hospitali, na askari wa barabarani akanisimamisha. "Mzee wa viti, rudi. Barabara imefungwa kumpisha Waziri. Halipiti gari lolote, isipokuwa gari la wagonjwa."

"Gari la wagonjwa ndilo lile pale, afande."

"Hilo halijazinduliwa."

Hamduni akakimbilia kwenye hema la wakubwa, ambako Mkurugenzi Kasonso alikuwa anakagua majina ya viti vya mbele. "Mkuu, mke wangu anakufa. Mtoto anakufa. Naomba nilitoe gari. Ufunguo ninao, mafuta ya kuunguruma yapo, yatanifikisha."

Mkurugenzi alivua miwani. "Pole sana, Hamduni. Taarifa ya dharura hii iliwasilishwa lini?"

"Imetokea sasa hivi, mkuu."

"Ndiyo tatizo letu, bwana. Watu hawafuati utaratibu, halafu wanalaumu serikali."

Hamduni akapiga magoti. Mtu mzima, dereva wa serikali mwenye sare, kapiga magoti kwenye nyasi mbele ya meza yenye maua ya plastiki. 

Mheshimiwa Mnyukwa aliyeona yote hayo alifikiri, kisha uso ukamng'aa. "Jamani, mbona jambo ni jepesi! Kwenye ratiba tuna onesho la kumpakia mgonjwa. Tumpakie huyu mama. Waziri akishakata utepe, gari linaunganisha moja kwa moja mpaka mkoani. Mama kapona, onesho limefana. Serikali sikivu ni ipi kama si hii?"

Mgonjwa wa onesho alikuwa Ofisa Michezo, kafungwa bendeji na kupakwa nyanya ya kopo. Alinuna sana, kwa sababu alikuwa amefanya mazoezi ya kuugua mwezi mzima. Ilibidi aahidiwe posho yake palepale ndipo akashuka kwenye machela.

Sista Eufrasia alitazama saa, akatazama mlima, akakubali. Hakuwa na kingine cha kukubali.

*

Waziri alichelewa, kama inavyompasa mtu mzito. Alipofika, Sikitu alipakiwa, kwaya ikaimba, watu wakapiga makofi. Ikaonekana Waziri wakati huo alikuwa amegeuka anasalimia wazee, kwa hiyo mama arudiwe. Akashushwa. Akapakiwa mara ya pili. Mpiga picha wa televisheni akasema jua lilikuwa linapiga vibaya. Akashushwa. Mara ya tatu Waziri mwenyewe aliona inafaa aonekane ameshika ncha ya machela, kwa hiyo ikangojwa avuliwe koti, akunjiwe mikono ya shati, afutwe jasho ambalo bado hakuwa nalo.

Sikitu alipiga ukelele ambao sitausahau. Waziri akamgeukia Mwenyekiti akasema, "Anaigiza vizuri sana huyu mama. Mtafutieni zawadi."

"Tutamtafutia, Mheshimiwa," akajibu Mwenyekiti, naye akampigia makofi.

Kisha ikaja hotuba. Sikitu yuko ndani ya gari, Sista yuko ndani anamshika, Hamduni yuko kwenye usukani, gari linaunguruma, na mbele yao kuna kitambaa chekundu chembamba ambacho mbuzi angekila bila kukitafuna mara mbili. Waziri alieleza dharura ilianza lini duniani. Alieleza dharura katika nchi zilizoendelea. Alisema katika wizara yake hakuna linalotokea bila kutarajiwa, na kwamba yeye hulala na nguo.

"Mwananchi wa Kisarambe," alinguruma, "kuanzia leo ukiumia, umia kwa kujiamini!"

Vigelegele. Fulana zote za TUKO TAYARI zikasimama.

Ikafika zamu ya utepe. Mabinti wawili wakaleta sinia lenye kitambaa cheupe, wakapiga magoti mbele ya Waziri. Kwenye sinia hapakuwa na mkasi. Mkasi wa halmashauri, ule wa dhahabu ya kupaka, alikuwa ameondoka nao mgeni rasmi wa chumba cha upasuaji kama ukumbusho. Ofisa Ugavi aliitwa. Akaeleza kwamba mkasi ni kifaa, na kununua kifaa kunahitaji bei za maduka matatu, na duka la tatu lilikuwa limefungwa kwa msiba. Mtu mmoja akatoa wembe. Mkurugenzi akasema Waziri hawezi kuzindua kwa wembe kama anayenyoa. Wakaanza kushauriana. Nakwambia wakaanza kushauriana, wakaunda na kikundi kidogo cha kushauriana.

Mlango wa nyuma wa gari ukafunguka, akashuka Sista Eufrasia. Mkononi alikuwa na mkasi wa ushonaji, mkubwa, mweusi, ameutoa kwenye mkoba wa Sikitu.

Mshereheshaji akafurahi kwenye kipaza sauti. "Mkasi umepatikana! Sista, lete hapa kwenye sinia!"

Sista hakutazama sinia. Alikwenda kwenye nguzo ya mbele, akakata utepe, akageuka.

"Nimezindua," alisema. "Hamduni, twende."

Kwaya ilikuwa imeelekezwa kwamba utepe ukikatwa iimbe, basi ikaimba. Waziri alikuwa bado kasimama, vidole viwili viko wazi hewani. Gari likatoka kwa king'ora, na askari wa barabarani, ambaye alikuwa na amri ya kupitisha gari la wagonjwa, akapiga saluti.

*

Sikitu alipona. Mtoto alikuwa wa kike, naye alikufa kabla gari halijamaliza mlima. Daktari wa mkoa alimwambia Hamduni kwamba wangefika mapema kidogo tu wangemkuta hai. Hakusema mapema kiasi gani. Mimi naweza kusema, kwa sababu nilikuwepo. Ni muda wa kuvua koti, kukunja mikono ya shati na kufuta jasho lisilokuwepo. Ninawachukia kwa hilo, na moyo wangu mweupe niliouahidi mwanzo naomba uishie hapa.

Tume iliundwa, ikakaa, ikala, ikatoa matokeo. Iligundua kwamba utepe ulikatwa na mkono usioalikwa. Kwa hiyo uzinduzi ni batili. Kwa kuwa uzinduzi ni batili, gari halijaanza kutumika. Kwa kuwa halijaanza kutumika, siku ile halikwenda popote. Kwa kuwa halikwenda popote, halikumbeba mtu, na mtu ambaye hakubebwa hawezi kuwa amefiwa njiani. Tume ikawapa wazazi pole ya jumla, kwa lolote litakalowahi kuwapata.

Sista Eufrasia alihamishiwa zahanati ya mpakani, jengo jipya kabisa ambalo bado halijazinduliwa. Kila siku anakaa nje ya mlango na sare yake, wagonjwa wanakaa naye, wanautazama mlango. Nasikia amewapangia kutibiwa chini ya dirisha, upande wa nje, na kwamba yuko mbioni kupewa onyo.

Gari likaoshwa, likarudishwa kibandani. Ukatakiwa utepe mpya, na halmashauri haina desturi ya kubadilisha fundi kwa mambo binafsi. Tarishi alikuja na kitambaa chekundu nyumbani kwa Sikitu, arobaini ya msiba haijafika. Nilikuwa pale nimekwenda kuwajulia hali. Hamduni aliruka juu kama anataka kumla yule tarishi.

"Mwambie Mkurugenzi akashone mwenyewe!"

Sikitu alikuwa amekaa kwenye mkeka. Alinyoosha mkono. "Lete," alisema.

"Sikitu, mke wangu, achana nao."

"Nimesema lete."

Alishona siku tatu, kazi ambayo zamani ilimchukua asubuhi moja. Mzee Chande alipoupokea na kuufunga nguzoni, alipapasa sehemu ya mbele, akashtuka. Pale ambapo mgeni rasmi angekata, utepe ulikuwa vipande viwili vilivyokutanishwa, na vimeshikana kwa mstari wa vifungo vidogo vya chuma. Kwa mbali huvioni. Mzee Chande akavuta, vikaachia. Akabonyeza, vikalia ta, ta, ta.

"Mama Sikitu," alimwambia kwa sauti ya chini, "mbona huu una vifungo?"

"Baba Chande, wewe umeagizwa ulinde nini?"

"Utepe."

"Usifanywe nini?"

"Usikatwe."

"Basi haukatwi."

Mzee alifikiri sana. Mwisho alivua kofia yake kubwa, akamwinamia, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia Waziri.

*

Tangu hapo Kisarambe ina gari la wagonjwa. Fundi mwashi alianguka kutoka kwenye paa la soko ambalo halijazinduliwa, akafika mkoani akiwa hai. Mama wa mapacha kafika. Mwalimu aliyeng'atwa na nyoka kafika. Mzee Chande hufungua vifungo, Hamduni hutoka na gari, mzee hufunga tena na kuendelea kulinda utepe kwa uaminifu. Hamduni akiulizwa mafuta yanakwenda wapi hujibu kwamba yanaunguruma.

Siku moja Mkurugenzi alipita na gari lake, akasimama. Kibanda kilikuwa kitupu, unaona nyasi mpaka upande wa pili. Nilikuwa karibu napakia viti, nikasema moyoni leo tumekwisha.

Mkurugenzi alishusha kioo. "Chande, utepe upo?"

"Upo, mkuu."

"Haujakatwa?"

"Haujakatwa, mkuu."

"Vizuri. Endelea hivyo hivyo."

Akapandisha kioo, akaenda zake.

Basi tukaishi kwa amani hiyo ya wizi, mpaka ilipotangazwa kwamba Waziri anakuja tena. Msomaji, mji ulipoa. Wewe sasa unajua kitu cha Kisarambe kinafanywaje kikishazinduliwa. Mheshimiwa Mnyukwa alikuwa ameshaeleza kwenye baraza kwamba baada ya uzinduzi kitanda cha mgonjwa kitang'olewa, viwekwe viti vya ngozi, ili Kamati ya Utayari ipate usafiri wa kufuatilia dharura huko zinakotokea. Misikitini na makanisani watu walimwombea Waziri. Walimwombea kazi nyingi, mialiko ya ng'ambo, na mafua yasiyo na madhara.

Siku yenyewe uwanja ulijaa kuliko siku zote. Nilipanga viti. Mkasi mpya ulikuwa kwenye sinia, umenunuliwa kwa kufuata bei za maduka matatu. Gari lilikuwa kibandani limeoshwa, maana alfajiri lilikuwa limerudi kutoka mlimani na tope. Sikitu alisimama nyuma ya watu, kajifunga khanga nyeusi.

Mheshimiwa Mnyukwa akapanda jukwaani, uso umemshuka.

"Ndugu wananchi, ninasikitika kuwatangazia kwamba Mheshimiwa Waziri hatafika. Amepata dharura. Na ninapenda kufafanua kwamba taarifa ya dharura hiyo aliiwasilisha siku saba kabla, kwa kufuata utaratibu."

Uwanja ulilipuka. Watu walirusha kofia, wanawake walipiga vigelegele, wazee walikumbatiana, kwaya ikaimba bila kuambiwa. Fundi mwashi aliyeanguka paani alicheza na magongo yake. Mwenyekiti alishika kifua, machozi yakamlenga, akamnong'oneza Mkurugenzi kwamba hajawahi kuona wananchi wanaoipenda serikali yao namna hii. Mkurugenzi akaagiza iandikwe.

Sikitu hakupiga kigelegele. Alipenya katikati ya watu waliokuwa wanaruka, akafika kwenye nguzo ya mbele, akapitisha kidole juu ya utepe wake taratibu. Kifungo kimoja kilikuwa kimelegea. Akakibonyeza kwa dole gumba mpaka kikalia ta, kisha akaenda nyumbani, ambako vijishati vilikuwa bado sandukuni, vimekunjwa, vifungo vyake vimetolewa vyote.